Macho Yana Kope, Sikio Halina: Habari za Machungu katika Kusoma na Kusikiliza

1. Swali lenyewe

Wahenga walisema: macho hayana pazia. Methali hii hutumiwa pale mtu anapoona jambo ambalo hakuitwa kulitazama, na maana yake ni kwamba jicho huona lolote lililo mbele yake. Lakini mtu aliyezoea vitabu anajua jambo jingine. Akifikia ukurasa unaosimulia jinsi mzee alivyochapwa mbele ya watoto wake, aweza kuruka mistari kumi, au kukifunga kitabu, akaenda kunywa maji na kurudi siku nyingine. Macho hayana pazia, ila yana kope. Masikio hayana hata hizo. Sauti ikishaanza kusimulia, humfikia msikilizaji kwa mwendo wa msimulizi.

Swali la tofauti hiyo limerudi katika miaka yetu, kwa sababu vitabu sasa vinasikilizwa katika simu, njiani na jikoni. Wako wanaodai kuwa kusikiliza si kusoma. Wako wengine wanaosema kuwa kitabu chenye matukio ya kuchukiza huvumilika kwa macho lakini hakivumiliki kwa masikio. Na wako wanaosema kinyume chake, kwamba sauti nzuri ya msomaji huwavusha mahali ambapo peke yao wangekwama.

Makala haya hayakusudii kuamua nani amesema kweli. Yanakusudia kuonyesha kwamba swali lenyewe si geni kwa Kiswahili. Maandishi kadhaa makuu ya lugha yetu yanayosimulia vita na mateso yalipita kwanza, au yalipita tena baadaye, katika mlango wa sikio. Tutatazama tenzi za vita za pwani, maisha ya Tippu Tip, sahani za gramafoni walizotengenezewa vipofu huko Ulaya na Marekani, na kitabu kidogo kilichoandikwa Elisabethville mwaka 1965. Mfano wa tatu hautoki kwetu, lakini ndiko swali hili lilikojadiliwa waziwazi kwa mara ya kwanza kuhusu mashine, na kwa hiyo hatuwezi kuupita.

2. Vita vinavyoghaniwa

Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herkal, ulitungwa Pate na Bwana Mwengo, na tarehe yake hutajwa kuwa mwaka 1728. Unasimulia vita kati ya Waislamu wa kwanza na dola la Rumi ya mashariki. Ndani yake mna mapigano mengi, majeruhi wengi na vifo vingi. Uliandikwa kwa herufi za Kiarabu katika miswada iliyonakiliwa kwa mkono, na watu waliomiliki nakala walikuwa wachache sana. Wengine wote waliupokea kwa kusikia: mtu mmoja alighani na waliobaki walikaa wakamsikiliza.

Umbo la utenzi linajulikana. Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani nane. Mishororo mitatu ya kwanza hufuata kina kimoja, nao wa nne hurudi kwenye kina ambacho hakibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa msomaji wa kimya hii ni kanuni ya ushairi. Kwa msikilizaji ni kitu cha kushikilia. Hata katikati ya mauaji anajua kwamba baada ya mishororo mitatu sauti itarudi pale pale ilipotua katika ubeti uliopita. Machungu yanapimwa kwa kiasi anachoweza kukibeba, kisha anapewa nafasi ya kuvuta pumzi.

Kuna hatari pia katika jambo hilo. Damu ikighaniwa vizuri, msikilizaji aweza kusahau kuwa ni damu. Vita vya Tambuka vilikuwa mbali, katika nchi ambayo watu wa Pate hawakuiona, na adui aliyeanguka hakuwa ndugu wa mtu yeyote aliyekaa mkekani.

Mambo yalikuwa tofauti kwa tenzi zilizotungwa baada ya ukoloni kuingia. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, mwaka 1307 wa Hijra. Bushiri, aliyeongoza upinzani huo, alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini naye alitunga juu ya vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika tangu 1905 hadi 1907. Hapa msikilizaji hakuambiwa habari za mbali. Majina ya miji aliyajua, na huenda majina ya waliouawa aliyajua pia. Kina cha mwisho kilirudi vilevile, ila kilichorudi nacho kilikuwa msiba wa nyumbani. Baadaye, tenzi hizo zilipochapishwa kwa herufi za Kilatini pamoja na tafsiri zake, zilipata wasomaji wa namna nyingine: mtu mmoja, mezani, kimya, mwenye uwezo wa kufunua ukurasa anaoutaka na kuacha mwingine.

3. Maisha ya Tippu Tip

Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemjua hapa Kongo kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Brode aliyageuza maandishi hayo katika herufi za Kilatini, akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwenyewe alifariki Unguja mwaka 1905. W. H. Whiteley aliyatoa tena mwishoni mwa miaka ya 1950 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Maandishi haya si utenzi. Hayana vina wala mizani, na mwendo wake ni wa mfanyabiashara anayetoa hesabu ya safari. Vita, mateka, pembe za ndovu, deni na barua hufuatana katika sauti ile ile. Anayesoma kwa macho huchukuliwa na mwendo huo. Mji unashambuliwa, watu wanakimbia, wengine wanakamatwa, na sentensi inayofuata inahesabu frasila za pembe. Msomaji hufika kwenye pembe kabla hajatambua kwamba amepita juu ya watu.

Jaribu sasa kuyasoma kwa sauti mbele ya watu wa Maniema. Mara moja swali linazuka ambalo macho hayakuliuliza: nisome kwa sauti gani? Nikisoma kwa sauti ya mwandishi, yaani kwa utulivu wa mtu aliyeshinda, nimekuwa upande wake. Nikiingiza huzuni, nimeongeza kitu ambacho hakukiandika. Nikinyamaza kidogo baada ya kutaja mateka, ukimya wangu umekuwa ufafanuzi. Katika kikundi cha wasikilizaji wa Kasongo au Nyangwe yumkini wamekaa pamoja wajukuu wa waliokuwa na bunduki na wajukuu wa waliokimbia bunduki, na sauti moja inawafikia wote kwa wakati mmoja. Kwenye ukurasa kila mmoja angesoma kitabu chake.

Jina lenyewe ni mfano mdogo wa jambo hili. Kuna wanaosema lilitokana na mazoea yake ya kupepesa macho. Lakini yeye alieleza kuwa alipewa na wenyeji kwa kuiga mlio wa bunduki zake. Ukilisoma kimya ni jina la mtu kama majina mengine. Ukilitamka polepole, unasikia walichosikia wale waliompa jina hilo.

4. Sahani za vipofu

Mashine ya kuhifadhi sauti ilibuniwa na Thomas Edison huko Marekani mwaka 1877, lakini kwa muda mrefu sahani za kawaida hazikuweza kubeba zaidi ya dakika chache kila upande. Hazikufaa kwa kitabu kizima. Mnamo 1934 huko Marekani, na mwaka 1935 huko Uingereza, zilianza kutolewa kwa vipofu sahani zinazozunguka polepole zaidi, na upande mmoja uliweza kuchukua robo saa au zaidi. Kitabu kimoja kilihitaji sahani kumi au hata zaidi ya hapo. Huko Uingereza waliosukuma kazi hiyo mbele walikuwa pamoja na askari waliopofuka katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa vipofu, na vidole vyao vya watu wazima vilishindwa kuzoea maandishi ya nukta ya Braille.

Miongoni mwa vitabu vya kwanza kutolewa Uingereza kilikuwa Typhoon cha Joseph Conrad, yule yule aliyepanda mto Kongo mwaka 1890 akafika hadi mahali tunapopaita leo Kisangani. Kingine kilikuwa cha Agatha Christie, hadithi ya mauaji. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, habari za dhoruba na habari za maiti ziliingia nyumbani mwa vipofu kwa njia ya sauti.

Ubishi haukukawia. Baadhi ya wasikilizaji walilalamika kwamba maneno machafu na matendo ya aibu, yakisomwa na mtu kwa sauti, huwa mazito kuliko yalivyo kwenye karatasi. Neno ambalo jicho hulipitia haraka, likitamkwa na mgeni ndani ya sebule, wakiwapo mke na watoto, hugeuka kuwa tendo. Wengine walikasirishwa na wazo lolote la kupunguza. Walisema kwamba kipofu ni mtu mzima kama wengine, na kile ambacho mwenye macho anaweza kukinunua dukani kikiwa kizima, naye ana haki ya kukisikia kikiwa kizima. Kumkatia kurasa kwa kumhurumia ni kumfanya mtoto.

Pande zote mbili zilikuwa na haki, na ndiyo maana ubishi ulidumu. Tuzingatie pia jambo dogo la ufundi. Msomaji wa kitabu akitaka kuruka tukio, huona kwa upande wa jicho mahali linapoishia. Msikilizaji wa sahani alilazimika kuinua sindano kwa mkono na kuishusha tena kwa kubahatisha, akihofia kuikwaruza sahani au kurudi pale pale alipokimbia. Kuruka kulikuwa na gharama. Kwa hiyo wengi walibaki wakasikiliza.

5. Kitabu cha André Yav

Tunafika nyumbani. Mwaka 1965, katika mji ulioitwa bado Elisabethville, ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Lubumbashi, mtu aitwaye André Yav aliandaa kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu andiko lenye jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ijapokuwa linaitwa msamiati, si orodha ya maneno. Ni historia ya mji na ya nchi jinsi ilivyoonekana na maboyi: wapishi, wafuaji, watunza bustani. Lilipigwa chapa kwa mashine ya taipu katika Kiswahili cha Katanga na kunakiliwa kwa watu wachache.

Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alilichapisha mwaka 1990 akisaidiwa na Kalundi Mango. Ugumu waliokutana nao ndio unaotuhusu. Maneno yameunganishwa mahali pasipotarajiwa na kutenganishwa mahali pengine, tahajia haifuati kanuni moja, vituo haviaminiki. Jicho la msomi aliyezoea Kiswahili cha vitabuni hujikwaa kila mstari. Njia iliyofaa ilikuwa kumwomba Kalundi Mango, mzaliwa wa lugha hiyo, alisome andiko zima kwa sauti na kulirekodi katika kanda. Ndipo maneno yakajulikana mipaka yake na sentensi zikapata maana. Fabian baadaye, mwaka 1993, aliandika kwamba maandishi ya namna hii humtaka msomaji wake aendelee kusikiliza.

Tusiharakishe kusema kwamba Yav hakujua kuandika. Aliandika kwa ajili ya masikio ya wenzake. Aliyekusudiwa ni mzee aliyekaa na wazee wengine, mmoja wao akisoma, na kila mmoja akitikisa kichwa kwa jambo alilolipitia mwenyewe: mshahara mdogo, chakula kibaya, matusi, kupigwa. Kwa watu hao habari ya machungu haikuwa ufunuo. Ilikuwa ushahidi, na ushahidi hutolewa kwa sauti mbele ya watu.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo kwa swali letu. Hapa tuna andiko ambalo macho hayawezi kuliruka. Msomaji hawezi kujua kwamba anakaribia mahali pa uchungu mpaka midomo yake iwe imekwisha kutamka maneno hayo. Kope hazimfai kitu. Andiko la boyi limemlazimisha profesa kufanya kile ambacho boyi alifanya miaka yote akiwa amesimama nyuma ya kiti cha bwana wake wakati wa chakula, yaani kusikiliza mpaka mwisho bila ruhusa ya kuondoka. Maboyi waliyajua mengi ya Wazungu kwa sababu waliosema mbele yao waliwahesabu kama hawapo.

Katika Katanga ya wakati huo kulikuwa na hofu nyingine iliyoishi kwa sikio tu, hofu ya batumbula. Watu walisimulia kwamba usiku wako wanaokamata wapita njia kwa niaba ya Wazungu, na kwamba waliokamatwa hunenepeshwa na kuliwa. Rik Ceyssens aliichunguza habari hiyo mwaka 1975, na Luise White aliirudia baadaye akiilinganisha na masimulizi ya nchi jirani. Kwenye karatasi za watawala batumbula ni uvumi, neno moja lenye dharau. Katika sauti ya mama anayewaita watoto ndani jua linapotua, ilikuwa sababu ya kufunga mlango. Vivyo hivyo kwa msiba wa kweli: tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa katika mgomo, huko huko mjini. Ripoti iliweka tarakimu, nayo tarakimu husomwa kwa nusu dakika. Anayesimuliwa na mjane husikiliza hadi mjane anyamaze.

6. Darasani

Naomba ruhusa ya kuongeza jambo nililolipata katika kufundisha, kwa sababu bila hilo nisingeandika makala haya.

Kwa miaka mingi niliwasomea wanafunzi wangu kwa sauti. Niliamini, na bado naamini, kwamba Kiswahili kisichosikika hakijasomwa. Siku moja nilikuwa nikisoma simulizi la kijiji kilichoshambuliwa. Mwanafunzi mmoja, binti aliyetoka mashariki, alisimama akatoka bila kuomba ruhusa. Nilihesabu tendo hilo kuwa utovu wa adabu, na nikasema hivyo mbele ya wenzake. Baada ya wiki moja alinijia ofisini, akabaki amesimama mlangoni, akasema: “Mwalimu, unisamehe. Kwenye kitabu ningepita. Kwenye sauti yako sikuweza kupita.” Sikumwuliza alichokiona kwao, naye hakunieleza.

Tangu siku hiyo natangulia kusema kilicho mbele, nataja ukurasa, na mlango nauacha wazi. Anayetaka kusoma kwa macho, peke yake, ananyimwa nini? Lakini sikuacha kusoma kwa sauti, na sababu yake nataka ieleweke. Uhuru wa kuruka ukurasa hauwahudumii waliojeruhiwa peke yao. Unawahudumia vilevile wale ambao habari hizo haziwahusu na ambao wangependa zisiwahusu kamwe. Binti yule angeruka kwa sababu alijua mno. Jirani yake katika benchi lile lile angeruka ili asijue. Ukurasa hauwezi kuwatofautisha, na sauti pia haiwezi. Mwalimu anaweza, akijitahidi, naye atakosea mara kwa mara kama nilivyokosea mimi.

7. Hitimisho

Tukirudi kwenye mifano yetu tunaona kwamba ulinganisho wa jicho na sikio, uliozoeleka siku hizi, umeacha upande mmoja. Watu wa Pate waliosikiliza vita vya Tambuka hawakusikiliza kila mtu kivyake. Wazee wa Elisabethville waliposomewa habari za mapigo yao walikuwa pamoja. Aliyelemewa alimwona mwenzake naye amelemewa. Msomaji aliona nyuso na akajua wakati wa kutua. Hata sahani ya gramafoni, kwa sababu ya ukubwa wa mashine yake, ilisikilizwa mara nyingi na nyumba nzima, na ndiyo maana watu waligombana juu yake.

Kijana wa leo anayeweka vipokea sauti masikioni na kusikiliza kitabu cha vita akiwa ndani ya basi hana kope za msomaji wala wenzake wa mkekani. Ana kitufe cha kusimamisha, na hilo si dogo; lakini sauti iliyorekodiwa haimwoni uso. Hapo ndipo penye ugeni wa mambo, na hapo ndipo watunzi, wasomaji wa vitabu vya sauti na walimu wa Kiswahili wanapaswa kufikiri. Huenda inatosha kwa mwanzo kwamba kitabu cha kusikilizwa chenye habari za machungu kigawanywe mahali panapofaa, kimtangulizie msikilizaji habari ya kilicho mbele, na kisomwe na mtu aliyejiuliza kabla ya kufungua kinywa: je, mbele yangu wangekaa wenyewe, ningesoma hivi?

Binti niliyemtaja alimaliza masomo yake. Katika mtihani wake wa mwisho wa fasihi simulizi alichagua mwenyewe simulizi la vita, akalisoma mbele yetu kwa sauti, polepole, hadi mwisho. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyetoka.